Lugha Mbili Kwenye Nguzo ya Lumuma

3 Machi, Jumatatu. Mikumi

Domina amefika leo na basi la asubuhi kutoka kwao Ruaha, na kabla hajakaa ameniuliza programu ya kwenye nguzo nimeiandika kwa lugha gani. Nikamwambia Python.

"Kwenye betri ndogo namna ile?" akasema.

Akaomba maji ya kunywa, kisha akakumbuka kwamba nimefunga, akaenda kuyanywea nje.

Mradi wenyewe ni mdogo. Kule Lumuma, darajani, tumesimamisha nguzo yenye kifaa kinachopiga sauti chini kwenye maji na kusikiliza mwangwi unarudi baada ya muda gani. Kwa hesabu hiyo kinajua mto umepanda kiasi gani, kisha kinatuma habari kwa laini ya simu mpaka kwenye kompyuta yetu hapa Mikumi. Kompyuta ikiona hatari, inawatumia meseji watu wa mabondeni, Kilosa hadi Kimamba, ambako maji ya Lumuma hufika baada ya saa kadhaa. Mama yangu anakaa Kimamba, kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi wa mkonge, karibu sana na mto. Babu alikuja kukata mkonge, hakurudi kwao, na nyumba ikabaki yetu.

Programu zote mbili, ya nguzoni na ya ofisini, niliziandika mimi. Goodluck, kiongozi wa mradi, ameona kazi ni nyingi kwa mtu mmoja akamleta Domina, ambaye alikuwa akitengeneza vifaa vya kufuatilia magari ya watalii. Amenizidi miaka kama minane hivi. Anaandika kwa lugha iitwayo C, na anaongea kama mtu anayepima maneno kwa kijiko cha chai.

4 Machi

Mvua ya kwanza. Haikufika hata kulowanisha vumbi la uani.

6 Machi, Alhamisi

Nimemwonyesha Domina programu ya nguzoni. Ameisoma yote kimya, kidole kikitembea kwenye kioo. Mwishoni akasema, "Nzuri. Hata Goodluck angeielewa."

Sikujua kama ni sifa au kejeli. Goodluck alisomea kilimo. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo sababu naipenda Python: mtu akiiona mara ya kwanza anaweza kukisia inasema nini. Niliiandika kwa siku mbili tu na ilifanya kazi.

"Sibishi," akasema. "Lakini fikiria, dogo. Programu ya C naitafsiri mara moja hapa mezani, nikipeleka Lumuma napeleka tafsiri tupu. Wewe unapeleka kitabu pamoja na mkalimani wake, na mkalimani anasoma mstari kwa mstari kila kifaa kinapoamka. Mkalimani anakula betri. Na jua la masika unalijua."

Nikamwambia jua lipo. Akachungulia dirishani. Nilikasirika kidogo, nadhani kwa sababu ya neno "dogo".

10 Machi

Goodluck ameamua. Vifaa viwili vinavyofanana kabisa, betri moja moja, paneli ya sola moja moja, kwenye nguzo ileile. Kimoja Python yangu, kingine C yake. "Mto ndio utaamua," akasema, na akaonekana kafurahi kuondokana na sisi.

Kumbe Domina alianza ya kwake siku ileile aliyofika; imemchukua wiki nzima kuandika kile nilichoandika mimi kwa siku mbili. Nimeliweka hilo moyoni.

13 Machi, Alhamisi. Lumuma

Tumefunga vifaa. Mama Agnesi, ambaye shamba lake la vitunguu linapakana na daraja na ndiye anayetuangalizia nguzo, alitusubiri na mwavuli ingawa mvua haikunyesha.

"Shikamoo mama," tukasema.

"Marahaba wanangu. Sasa hivi viwili vyote ni vya nini? Kimoja kikisema mto umejaa na kingine kikisema haujajaa, nimwamini nani?"

Domina akamjibu kwa heshima, bila haraka, "Uyaamini macho yako, mama, halafu utupigie simu."

Alimpa namba yake mwenyewe, si ya ofisi. Kisha akapanda nguzo akiwa na bisibisi mdomoni, akafunga kifaa changu kwanza kabla ya chake, akakaza skrubu za changu mara mbili. Niliona.

19 Machi

Matokeo ya siku za mwanzo. Kifaa kikiamka, kinapima mara kumi ili mawimbi yasikidanganye, kinachambua, kinalala. Cha Domina kinamaliza kuchambua kabla hujapepesa jicho. Changu kinakaa macho sekunde nyingi, mkalimani akipiga soga na nafsi yake.

Niliichukua programu yangu nikaifumua. Nilikuwa napanga vipimo vyote upya kila kipimo kipya kinapoingia, upuuzi mtupu. Nikaondoa hilo, nikapunguza zaidi ya nusu ya muda. Nilipomwonyesha Domina alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Unaona," akasema, "wengi wanakimbilia kubadili lugha kabla ya kubadili akili. Na mimi nitaiiba njia yako."

Akaiiba kweli. Sasa ya kwake ni ya haraka zaidi tena, na niligundua kwamba sichukii. Nilikaa nikitazama programu yake jinsi ilivyokaa: fupi, kavu, kila tone la kumbukumbu limepewa kazi. Mtu anayeandika hivyo anaijua mashine kama dereva anayejua gari lake kwa mlio.

22 Machi

Mvua kila alasiri. Barabara ya Kilosa imeanza kuteleza.

24 Machi, Jumatatu

Siku mbaya.

Alasiri kifaa cha C kilituma kipimo kwamba mto umepanda juu kupita daraja. Kompyuta ya ofisini haikungoja mtu, ikatuma meseji ya hatari Kimamba yote. Kifaa changu pale pale nguzoni kilisema mto uko chini, wa kawaida. Mama Agnesi akapiga: "Hapa watoto wanavua kambare, kuna nini?"

Kimamba watu walikuwa na funga zao, wamechoka, futari bado jikoni. Walibeba magodoro, mahindi, wagonjwa. Walikaa shuleni juu kilimani mpaka ikabainika hakuna kitu. Mwinshehe, mwenyekiti wa kitongoji, alinipigia, na sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Mudathir, mwanangu. Nimembeba bibi mzima mgongoni. Anasema nimemdhalilisha."

Nilimwomba radhi. Akasema amepokea, lakini safari nyingine nisimtegemee kuziamini hizo mashine haraka.

Domina alikuwa ameshaifungua programu yake.

25 Machi

Ameipata. Alikuwa ametenga nafasi kumi za vipimo kumi. Mvua ikiwa kubwa mwangwi mmoja unapotea, programu inapima tena, na hicho kipimo cha kumi na moja kinaandikwa palipofuata kwenye kumbukumbu. Palipofuata palikuwa na urefu wa nguzo. Urefu wa nguzo ukageuka takataka, na kila hesabu baada ya hapo ikawa takataka. C haikusema chochote. Iliandika ilipoambiwa iandike, ikaendelea na safari.

"Python ingekataa," nikasema. Sikusema kwa kumkomoa.

"Ingekataa hapo hapo, na ingekuambia mstari wa ngapi," akasema. "C inakuamini. Ndiyo uzuri wake na ndiyo balaa lake. Inakuamini hata ukiwa umekosea."

Kisha akavaa buti akasema anakwenda Kimamba. Nikamwambia radhi nimeshaomba kwa simu. Akasema kosa si langu, basi radhi yangu haitoshi. Alipanda bodaboda mpaka Kilosa kwenye tope lile, na kutoka Kilosa sijui alipanda nini. Mama amenisimulia kwa simu jioni hii: alisimama barazani kwa mwenyekiti mbele ya watu, akasema jina lake, akasema yeye ndiye aliyeandika programu iliyowahangaisha, akaeleza kosa kwa kutumia trei la mayai. Nafasi kumi, mayai kumi na moja, la mwisho linadondokea kwenye unga wa jirani. Watu walicheka. Kisha akaenda kwa yule bibi, akapiga magoti akamsalimia.

"Huyo dada kalelewa," mama akasema.

28 Machi

Domina ameandika kipande kilekile kwa lugha ya tatu, Rust, kwa majaribio. Ametumbukiza kosa lilelile makusudi. Programu ilisimama papo hapo ikataja mahali penyewe, na kasi yake ni karibu sawa na C. Kabla ya hapo lakini, ilimkatalia kutafsiri mambo mengine ambayo yeye aliyaona hayana shida. "Ni kama kuandika mbele ya mwalimu mkali," akasema, na alikuwa anang'aa kama mtoto. Goodluck akauliza tunaweza kuhamia huko. Domina akamwambia si katikati ya masika. Bado anajifunza, na nguzo si mahali pa kujifunzia. C imerekebishwa, inatosha.

Nami nimeongeza ukaguzi upande wa ofisini: kipimo kikiruka ghafla, kompyuta isubiri kipimo cha pili na itupigie sisi kengele kwanza.

31 Machi

Idi. Goodluck na Domina walikuja kwangu kula pilau. Domina kala sahani mbili, kasifu mara moja.

5 Aprili

Hatujaona jua tangu juzi.

8 Aprili

Wala leo. Betri ya kifaa changu inashuka. Ya Domina inashuka pia, polepole, kama mzee anayeteremka ngazi.

10 Aprili, Alhamisi

Kifaa changu kimekufa saa nne asubuhi. Nilikaa nikingoja kipimo kinachofuata, hakikuja. Domina alikuwa kando yangu. Nilitegemea angesema neno, alikuwa na haki. Alisema tu, "Kimejitahidi. Kule juu ni giza kama pangoni."

Maneno yote niliyoyatumia kuitetea Python naona sasa hayakuwa ya Python, nilikuwa najitetea mwenyewe. Programu yangu ilikuwa nzuri. Mahali pake hapakuwa pale.

15 Aprili, Jumanne

Naandika haya usiku.

Asubuhi, kabla ya chai, kengele yetu ya ofisini ililia. Kifaa cha C kilisema mto umepanda. Kipimo kilichofuata kikasema umepanda zaidi, na cha tatu zaidi tena. Si mruko wa ghafla kama ule wa Machi. Ulikuwa mstari unaopanda sawasawa, bila kupumzika. Betri ilikuwa imebaki kidogo mno. Kifaa changu kingekuwepo peke yake, tungekuwa tunatazama kioo kitupu.

Domina akampigia mama Agnesi akaweka sauti kubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, marahaba. Sikilizeni wanangu. Maji yamechukua vitunguu vyangu nusu shamba, na mawe yanagongana chini ya daraja, nayasikia nikiwa hapa mlangoni. Maji yenyewe mekundu. Haya si ya kawaida."

"Toka hapo mama, panda juu," Domina akasema.

"Nimeshapanda. Mwanangu kabeba mbuzi. Nyie waambieni wa chini."

Niliruhusu meseji iende. Ilikwenda, Kilosa na Kimamba, ile ya siku zote: *Tahadhari. Kina cha maji kimezidi kiwango. Chukueni hatua.* Nikampigia mama, simu haikupatikana. Nikapiga tena.

Saa tano Mwinshehe akapiga yeye.

"Mudathir, meseji imefika. Watu hawaondoki. Hapa kwetu mvua imekatika na jua linawaka, mto uko palepale. Wengine wanasema ni ya Machi imerudi, wengine hawakuisoma kabisa, wanadhani ni zile za bahati nasibu."

"Ni kweli safari hii, mwenyekiti. Mama Agnesi kaona kwa macho."

Nilisikia jogoo upande wake. Kisha akasema, "Yule dada wa mayai yupo hapo?"

Domina akasogea. "Nipo, mwenyekiti. Shikamoo."

"Marahaba. Ni kweli?"

"Ni kweli. Kosa la Machi nililiondoa kwa mikono yangu. Ningekuwa na mama yangu hapo, ningemtoa sasa hivi."

"Basi hiyo meseji yenu ni mbovu," Mwinshehe akasema. "'Kiwango', 'hatua', nani anaongea hivyo? Andikeni ni mimi nasema. Andikeni aliyeona ni nani. Andikeni waende wapi, wapite wapi, maana njia ya reli itajaa kwanza. Na wa ng'ambo ya mto waandikieni yao, hao hawawezi kuja shuleni, waende upande wa kanisani."

Niliifungua programu ya ofisini. Ilibidi iache kutuma meseji moja kwa wote, iwagawe watu kwa upande wa mto, iweke jina la mwenyekiti, itaje wakati maji yanapotarajiwa kufika kwa kila kitongoji, na irudie kwa ambao simu zao hazikupokea. Yote hayo programu ikiwa inaendelea kupokea vipimo. Niliandika huku Domina akinisomea majina ya vitongoji. Nilikosea mara moja. Python ikasimama, ikaniambia mstari na kosa, nikarekebisha, ikaendelea. Nilijaribu kwa namba yangu na yake, simu zetu zikalia mezani. Nikaachia.

*Mimi Mwinshehe, mwenyekiti. Mama Agnesi wa Lumuma ameona mto umejaa kwa macho yake. Maji yatafika kwetu kabla ya magharibi. Nendeni shuleni sasa. Msipite njia ya reli. Wabebeni wagonjwa kwanza.*

Domina aliegemea kiti. "Hata chai yako haijapoa," akasema. "Kwa C ningekuwa bado natafuta pa kuweka jina la huyo mzee. Sijawahi kuona lugha ikigeuka upesi namna hiyo."

Lilikuwa jambo jema kusikia, lakini mama alikuwa bado hapokei.

Mwinshehe aliwachukua bodaboda wawili na kipaza sauti cha msikitini, wakapita nyumba kwa nyumba wakiisoma meseji ileile. Kifaa cha Lumuma kiliendelea kutuma. Kila kipimo kilipoingia Domina alikinong'oneza, kisha akanong'oneza betri imebaki kiasi gani. Saa nane mchana kilituma kipimo cha juu kuliko vyote. Saa tisa kikaonyesha mto umeanza kushuka kule juu, na baada ya hapo kikanyamaza. Betri ilikuwa imekwisha. Kilikuwa kimetuambia mwanzo, kilele na mwisho.

Domina aliinamisha kichwa mezani, akakaa hivyo muda. Nilidhani analia. Alikuwa anasali.

Saa kumi na moja simu yangu ikaita, namba nisiyoijua.

"Ni mimi," mama akasema. "Nimeazima simu, yangu haina chaji. Niko shuleni, darasa la tatu. Nilisomewa ile meseji kwa kipaza. Nikawaambia, Mwinshehe akitaja jina lake mwenyewe, hilo si jambo la kubishia."

Maji yalifika Kimamba muda mfupi baadaye.

18 Aprili, Ijumaa Kuu. Kimamba

Njia ya Kilosa imekatika, nimezungukia Morogoro. Domina amekuja nami, ingawa ni sikukuu yake na kwao wanamsubiri.

Nyumba yetu ukuta wa nyuma umeanguka, na tope limefika kwenye dirisha. Nyumba nyingine za jirani hazipo. Mahindi ya watu yamekwenda, kuku, baiskeli, milango. Nilitembea na Mwinshehe kitongoji kizima na kila mlango alisimama akauliza wangapi, wakamjibu wangapi. Wote wapo. Yule bibi wa Machi safari hii alitangulia mwenyewe na fimbo yake, akafika shuleni kabla ya vijana.

Mama alimkumbatia Domina akamuuliza, "Kati yenu nani kaandika ile iliyoniokoa?"

Domina akasema, "Mwanao." Nami nikasema, "Huyu," na mama akatutazama wote wawili akasema twende tukachote tope.

29 Aprili

Jua. Kifaa changu kimefufuka chenyewe kule nguzoni, kikatuma kipimo kana kwamba hakuna kilichotokea. Tumemwomba mama Agnesi akizime. Amepanda tena vitunguu.

5 Mei, Jumatatu. Mikumi

Goodluck anaandika ripoti kwa wafadhili na anataka sentensi moja. Alituita wote wawili, kalamu mkononi.

"Wanataka kuweka nguzo nyingine mbili mwakani. Wanauliza, baada ya majaribio yenu yote, lugha ipi ni bora?"

Tukajibu kwa pamoja. Mimi nilisema C. Domina alisema Python.

Goodluck aliweka kalamu chini, akasema atarudi baada ya chakula, tukishapatana.

Hatujapatana. Domina alizungumza muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia, kuhusu lugha inayomruhusu mtu kubadili mawazo wakati maji yako njiani, na jinsi nilivyoandika siku ile bila kusita. Mimi nilimweleza jinsi nilivyojisikia kila kipimo kilipoingia kutoka gizani kule, kwenye betri isiyokuwa na kitu, kwa sababu mtu mmoja alikuwa amekataa kupoteza hata tone. Mwishoni tukaandika hivi: nguzoni C, na ikishaiva, Rust, ofisini Python, na pasiwepo mtu anayejua moja tu.

Hilo la mwisho ni langu. Ndiyo maana mchana huu nimehamia upande wake wa meza. Programu ya nguzo mpya nitaiandika mimi, kwa C, yeye akiwa kando. Mstari wangu wa kwanza umekataliwa: nilisahau nukta mkato ya mwisho wa mstari, ambayo Python haiidai. Nikaiweka. Wa pili nao ukakataliwa. Domina hakugusa kibodi wala hakusema kosa liko wapi. Aliinuka, akaniletea chai, akaiweka mbali kidogo na mkono wangu nisije nikaimwaga, akakaa kusubiri.